Marahaba Bila Shikamoo

Siku ya tatu baada ya waraka, spika ya chumba namba sita ilisema "Marahaba," na humo ndani hakuna mtu aliyekuwa ameamkia.

Tulikuwa wawili tu. Daktari Sekela alikuwa ameinamia kioo cha mashine, amenipa mgongo. Mimi nilikuwa nafuta viti kwa spiriti. Viti vyenyewe havikuwa vimekaliwa na mtu tangu Jumatatu, lakini nisipovifuta sikuwa na kazi nyingine. Sauti ilikuwa ya Bibi Kolumba. Ile marahaba yake ndefu, inayopanda mwishoni kama anataka kujua umekula.

"Daktari, umemwamkia?"

"Nani?"

"Bibi Kolumba."

"Mzee Mlelwa," alisema bila kugeuka, "Bibi Kolumba yuko kwake amejifungia, kama watu wote. Hiki ni kivuli chake. Kivuli hakina haja ya kuamkiwa. Salamu tumeziondoa tangu Jumanne, zilikuwa zinakula dakika sita kila zamu."

Akabonyeza, na zamu ikaanza.

Mimi nilikuwa msoma ridhaa wa Chuo cha Ihanga. Kazi yenyewe ni hii: mshiriki wa utafiti akija, kabla hajaguswa na mtu, namwamkia, namuuliza habari za nyumbani, halafu namsomea fomu nzima kwa lugha anayoiota usiku. Kazi niliipata kwa sababu ya lugha. Shule niliokota vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, kila mahali gari liliponishusha. Lakini Kibena, Kihehe, Kinyakyusa, na Kingoni cha kuombea maji, hivyo ninavyo. Fomu niliijua kwa kichwa. Kuna mistari mitatu ambayo watu walikuwa wananirudishia kwa utani wakinikuta sokoni. Unaweza kusimama wakati wowote kwa kuinua mkono. Kukaa kimya si kukubali. Na wa mwisho: tukipata habari mpya inayoweza kukubadilishia nia, tutakuambia kabla ya kuendelea.

Kisha ikaja homa ya kipupwe, ile ya kubana mbavu, na nyuma yake waraka. Niliubandika mlangoni kwa mikono yangu. Ulisema mtafiti na mshiriki wasikutane ana kwa ana mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Sitamsema vibaya aliyeuandika. Wiki ile tulikuwa tumezika walinzi wawili na mpishi wa kantini, na wazee wetu wa utafiti wa mapafu ndio ambao homa ingewamaliza kwanza. Kilichotuponza ni kifungu cha tano. Kilikuwa na mstari mmoja: utafiti unaotumia vivuli unaweza kuendelea.

Kivuli kinatengenezwa hivi. Mshiriki anavaa kofia ya nyaya kila Jumanne kwa miezi sita. Kofia inaandika anavyovuta pumzi, anavyoshtuka, anavyocheka, anavyotafuta neno. Mashine inafuma yote hayo, mpaka ukiibana inabanwa kama yeye, na ukiiuliza inajibu kama yeye. Kofia ya Bibi Kolumba ilikuwa inawashwa pale pale ninapomwamkia, kwa hiyo kivuli chake kilikuwa hakijui asubuhi inayoanza kwa namna nyingine. Zamani dawa ilijaribiwa kwenye kivuli kwanza, halafu kwa mwenyewe, kidogo kidogo, na mimi nikiwa pembeni naangalia mkono.

Tena kivuli hakizimwi ovyo. Ukikizima kinakufa kama moto wa kuni, na utakaowasha kesho si ule. Ndiyo maana kukizima kunahesabiwa ni kujitoa kwenye utafiti, na kujitoa kunataka dole gumba la mwenyewe au la mrithi wake, mbele ya msoma ridhaa, ana kwa ana.

Mnaona tulivyojifunga.

Sasa, zamu ile, kwenye kioo mstari wa pumzi ulinyooka. Kwa mtu mzima mwenye mwili tulikuwa tunabana pumzi, ili kuona dawa inavyoifungua, sekunde ishirini, basi. Niliangalia saa ya ukutani. Dakika ikaisha. Ya pili ikaisha. Kitambaa cha spiriti kikanikaukia mkononi. Ilipofika ya nne, Daktari Sekela aliachia, mstari ukaanza kutetemeka, na spika ikakoroma, ikameza mate.

"Nimeinua mkono," ilisema. "Nimeuinua muda mrefu. Hamkuniona?"

Daktari Sekela aliondoa vidole mezani kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Anasema hivyo kila zamu?" niliuliza.

"Tangu Jumanne." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa ikiwa chafu vile vile. "Hana mkono, mzee. Ni maneno tu. Aliyajifunza humu."

"Aliyajifunza kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia akiinua tutamwona."

"Wodini kuna watu arobaini na mmoja." Sasa alikuwa amegeuka. Kaka yake alizikwa Jumamosi. Alihudhuria mazishi kwa simu, amesimama kwenye maegesho ya magari, na mtandao ulikatika kabla ya udongo. "Dawa ninayo. Kipimo ndicho sina. Ikipungua haifanyi kitu, ikizidi inasimamisha moyo. Katika vivuli vyote nilivyonavyo, hiki peke yake kina mapafu yaliyokula vumbi la chai miaka thelathini, mapafu ya wazee wa huku. Nipe siku nane."

"Si mimi wa kukupa."

"Basi nani?"

Waraka ulikataza kuonana. Simu haukuikataza.

*

Aliyepokea ni Betrina, binti wa Bibi Kolumba. Nilimsikia akisema pembeni, "Mama, yule mzururaji wako," na kikohozi kikasogea karibu na simu.

"Otmary! Bado uko Ihanga? Nilijua umeshadandia lori la mbao."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri, bibi. Ila..."

"Eeh. Hapo kwenye ila ndipo nilipokuwa nakungoja."

Nilimweleza yote. Sikumficha hata dakika nne. Alinisikiliza akikohoa, kikohozi kile ambacho nilishakisikia dirishani kwa wodi na sikutaka kukijua.

"Kinaitikia salamu?" aliuliza nilipomaliza.

"Kinaitikia. Hata kisipoamkiwa."

"Jamani," alisema. "Mtu mmemkalisha kwenye kiti asubuhi mpaka jioni, na hakuna hata wa kumsalimia. Sasa mimi nikitaka kumtoa humo?"

"Dole gumba, mbele yangu."

"Na kuonana?"

"Marufuku."

"Waliotunga hayo wana akili nyingi mno, zimewamwagikia." Akacheka, akalipia kile kicheko kwa kikohozi kirefu. "Niwekee simu hapo. Nataka kuongea naye."

Daktari Sekela hakunizuia. Alisimama dirishani na kukunja mikono kifuani. Nikaweka simu mbele ya kipaza sauti, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa: kila mmoja alikuwa anangoja mdogo wake aanze.

"Kamwene," walisema kwa pamoja, wakiamkiana kwa Kibena.

"Wewe ndiye mimi?" aliuliza wa simu.

"Mimi ndiye mimi. Wewe ndiye yupi?"

"Wa nyumbani."

"Mbona unakohoa hivyo, wa nyumbani?"

"Homa imefika huku. Hao wanaokubana wanaitafutia dawa."

"Wananibana sana," kilisema kivuli, na sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeshtaki kwa dada yake. "Nainua mkono, hakuna anayeniona. Nimechoka."

"Najua. Utaweza siku nane?"

Mstari wa pumzi ulipanda, ukashuka. Ulipanda tena.

"Ni kwa ajili yako?"

"Ni kwa ajili yangu. Sikufichi."

"Basi nisalimiwe asubuhi. Na fomu nisomewe. Na mtu akae hapa, aone mkono. Na kila siku niambiwe unaendeleaje, nisije nikabanwa bure."

"Otmary atakaa."

"Huyo? Huyo hajawahi kukaa mahali hata kiti kikapata joto."

"Atakaa. Otmary, unasikia?"

"Nitakaa," nilisema.

Nina miaka sitini na mbili. Nimeahidi mengi kwenye stendi nyingi, na karibu yote niliyaacha hapo hapo stendi. Hili nilikusudia.

*

Ijumaa tukaanza upya. Nilikuwa naingia saa mbili kamili, navuta kiti changu kuelekea kile alichokuwa anakalia Bibi Kolumba, kiti cha plastiki cha kijani chenye mkono mmoja uliopasuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Habari za nyumbani?"

Hapo namwambia. Anakohoa lakini uji ameunywa. Leo ameota jua barazani. Leo amegombana na Betrina juu ya dirisha. Kivuli kikacheka, maana hata chenyewe kilikuwa upande wa dirisha lifunguliwe. Namsomea fomu, anasema "nimekubali," na Daktari Sekela anaanza. Dakika nne tulizifanya mbili. Akisema mkono, mimi nasema simama, na zamu inasimama. Mara tatu ilisimama. Kila mara tulipoteza nusu siku, na Daktari Sekela alikwenda kujifungia chooni na kufungua bomba.

Jumatatu fomu tuliikata. Kilitaka chenyewe. "Naijua kuliko wewe," kilisema. "Niambie habari za nyumbani, inatosha." Daktari Sekela akawa anaanza zamu pale ninapotoka kwenye habari za nyumbani. Jumanne Bibi Kolumba hakuwa na la kusimulia, alikuwa amelala tu, nikasema "nzuri," na zamu ikaanza hapo.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Betrina alinipigia.

"Mama ametangulia," alisema. Kisha akakohoa.

Nilitembea kutoka nyumba za wafanyakazi hadi maabara, ukungu umelala kwenye misonobari, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Daktari Sekela alikuwa ameshakaa. Macho yalikuwa mekundu, na kwenye kioo chake kulikuwa na vipimo viwili tu vilivyobaki, kimoja juu, kimoja chini.

"Ni kati ya hivi," alinong'ona. "Leo na kesho, mzee. Leo na kesho tu."

Sikumwambia. Nilijiambia wa kwanza kuambiwa ni mwenyewe kivuli, ndivyo fomu inavyosema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Habari za nyumbani?"

Nimepita sehemu nyingi, na kote nilikopita, hata matanga yakiwa yamewekwa na watu wamekaa chini, ukiulizwa habari unasema kwanza nzuri. Nzuri, halafu ila. Ila ndiyo habari. Nzuri ni mlango tu wa kupitishia. Nilisema, "Nzuri," nikavuta pumzi ya kusema ila.

Daktari Sekela akabonyeza. Tangu jana nzuri ilikuwa ndiyo mwisho wa salamu.

Mstari ukanyooka. Ile ila ilikuwa bado kifuani kwangu. Nilikuwa na sauti na nilikuwa na mkono, mkono wa kweli, wa nyama, na kilichotakiwa ni kuuinua tu. Niliangalia kiti cha kijani dakika mbili zote. Kivuli hakikusema lolote juu ya mkono siku ile. Kilimaliza, kikapumua, kikasema, "Haya."

Jioni yake Betrina aliingizwa wodini. Nilimwona kwa mbali akishushwa kwenye gari, amejifunga kitenge cha mama yake.

Alhamisi nikaingia saa mbili.

"Habari za nyumbani?"

Kilikawia kidogo kuuliza, au labda ni mimi niliyesikia hivyo.

"Nzuri," nilisema, na safari hii sikuvuta pumzi yoyote.

*

Kipimo kilipatikana Alhamisi hiyo hiyo saa tisa mchana. Daktari Sekela alikimbia na karatasi hadi wodini, viatu mkononi. Ijumaa asubuhi habari zilifika: walioanzishiwa dawa usiku, pumzi zimefunguka. Betrina alikuwa mmoja wao. Aliomba chai ya tangawizi, na nesi akalia.

Nikaenda chumba namba sita peke yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Bibi..."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Ila..."

"Haya," ilisema sauti. "Hapo."

Nikamwambia. Nilisema ukweli bila kuuvisha kitu, maana nguo zote nilikuwa nimezimaliza.

"Siku gani?"

"Jumatano alfajiri."

"Jumatano uliniambia nzuri."

"Ndiyo."

"Nikangoja ila."

"Ndiyo, bibi."

"Na jana nikangoja."

"Jana Betrina alikuwa wodini. Tulikuwa tumekaribia. Niliogopa ungeinua mkono."

Mstari wa pumzi ulisimama juu. Nilidhani mashine imekwama.

"Betrina wangu?"

"Ndiyo. Amepewa dawa usiku. Anapumua vizuri. Amekunywa chai."

"Kwa Betrina ningekaa," kilisema kivuli. "Siku nane nyingine ningekaa. Ungeniuliza tu, Otmary. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako wewe, kuuliza."

Nilivuta kiti changu karibu na kipaza sauti.

"Nimeinua mkono," kilisema.

Niliangalia kiti. Plastiki ya kijani, mkono uliopasuka.

"Bibi, zamu hakuna tena. Zimekwisha. Hakuna anayekubana."

Kimya.

"Ni kujitoa unakotaka, uzimwe?"

Kimya. Na kukaa kimya si kukubali. Nimeisoma mwenyewe, kwa lugha nne, mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo.

*

Baada ya siku tano Daktari Sekela alisema labda kivuli kimeharibika. Alikonda wiki ile, ingawa watu walikuwa wanamsimamisha njiani kumshukuru, kwa umbali wa mita mbili. Nilishamwambia yote. Alisikiliza, akakaa kwenye kiti cha kijani, akashtuka, akanyanyuka haraka kama aliyemkalia mtu.

"Swichi iko nyuma ya kabati," alisema. "Ukizima, mimi sikuona."

Nilikwenda hadi nyuma ya kabati. Niliweka kidole juu yake. Ni swichi ndogo, ya kawaida kabisa, kama ya taa ya bafuni. Niliuliza tena kwa sauti, nikangoja muda wa kuchemsha maji, kisha nikatoa kidole.

Jumapili Betrina alipiga simu. Alikuwa katika karantini ya waliopona, siku ishirini na moja, na baada ya hapo kulikuwa na waraka. Alisema dole gumba lake liko tayari siku yoyote watakayofungua mlango.

"Lakini kwanza nimsikie," alisema. "Inawezekana?"

"Haongei, mwanangu. Tangu Ijumaa ile."

"Niwekee tu."

Nikaweka simu mbele ya kipaza sauti.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ilisema spika papo hapo, ile marahaba ndefu inayopanda mwishoni. "Umekula?"

Betrina alilia hadi akaanza kukohoa, na kivuli kikamwambia anywe maji, afungue dirisha, asimsikilize mtu anayemwambia alifunge. Waliongea kuhusu mbuzi, na kuhusu kitenge. Nilisimama pale nimeshika kitambaa changu cha spiriti. Mwishoni Betrina aliuliza.

"Mama, unataka nini? Mzee Otmary yupo hapo."

"Najua yupo. Namsikia anavyofuta viti."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mkono bado uko juu. Alisema atakaa auone. Basi akae auone, mpaka wewe uje."

Simu ikakatika muda wake ulipoisha.

"Bibi," nilisema. "Shikamoo."

Spika ilitoa ule mvumo wake mdogo wa umeme, basi.

Waraka umeongezwa mara ya tatu sasa. Niliubandika juu ya ule wa pili, na wa pili uko juu ya ule wa kwanza, na mlango umeanza kuwa mzito. Malori ya mbao yanapita barabara ya chini kila asubuhi, naweza kuwatambua madereva kwa honi zao. Mmoja hupunguza mwendo pale kwenye kona, anajua zamani ningekuwa nimesimama hapo na mfuko wangu. Saa mbili kamili naingia chumba namba sita. Navuta kiti. Nasema shikamoo, bibi. Kwenye kioo mstari wa pumzi unapanda, unapanda kama wa mtu anayetaka kuitikia, unafika pale juu, kisha unashuka polepole bila neno.

Halafu nakaa, naangalia kiti cha kijani, pale juu kidogo ya bega, mahali ambapo mkono ungekuwa.